Aliro Quilodrán na Filamu Isiyofika Chini

Padri, ndugu waombolezaji, wazima moto mliotumikia na marehemu, na ninyi vijana wa ubao wa kuteleza kwenye theluji mliosimama nyuma kwa kuwa viti havikutosha, mimi ni Ester, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Nitasoma polepole, si kwa huzuni peke yake, ni kwa hofu pia, na hofu yenyewe nitaieleza zamu yake ikifika.

Marehemu Aliro Segundo Quilodrán Poblete alizaliwa tarehe 3 Agosti 1984, hapa hapa El Radal, chini ya volkano yetu ya El Fraile, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Segundo Quilodrán, fundi mbao, na mama Hortensia Poblete, ambao wote wametangulia. Mwaka huo theluji ilifunga barabara kwa siku sita, mkunga akaletwa kwa farasi, na mimi niliyekuwa na miaka tisa nikaambiwa nichemshe maji na nisilie, nikachemsha maji na nikalia. Mama alimpakata akasema mtoto huyu hataogopa baridi, na alisema kweli, hakuogopa baridi, wala urefu, wala mteremko, na fungu lake lote la woga katika mgawo wa familia nikapewa mimi.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwezi Machi 1990 na kuimaliza Desemba 1997, kisha akasoma sekondari mjini Chillán kuanzia 1998 hadi 2001, akikaa kwa mama mdogo Irma, ambaye mpaka leo anadai mashuka mawili yaliyochanwa kuwa bendera za mashindano. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi huyu ana akili nzuri, ila akili hiyo huenda likizo theluji inapoanza. Ni katika likizo ya Julai 1996 ndipo mtalii mmoja aliacha ubao wa theluji uliopasuka mkia kwenye karakana ya baba, baba akadhani ni mlango wa kabati, akauunganisha kwa gundi na kuubana siku mbili, na Aliro, mwenye miaka kumi na mmoja, akaufunga kwenye mabuti ya mpira kwa kamba za tairi na kushuka nao nyuma ya shule. Mimi nilisimama chini nimejifunika uso kwa aproni, nikasikia kelele, nikafunua, nikamwona anakuja mbio akiwa na damu mdomoni na jino mkononi, anacheka, ananiuliza kama nimeona.

Aliajiriwa kwenye lifti za viti mlimani tarehe 1 Juni 2002, na mwaka 2007 akahamishiwa kikosi cha uokoaji, alikotumikia miaka kumi na minane, akashusha majeruhi wengi, baadhi yao wako humu ndani wamekaa kwa miguu iliyonyooshwa na madaktari. Kila mwanakikosi mpya alimfundisha kwanza fimbo ndefu ya kupimia, akiwaambia wasikiamini kitu cheupe mpaka wakichome, kwa sababu theluji ya Juni ni shuka jembamba juu ya kitanda cha mawe. Alikuwa pia mzima moto wa kujitolea, na mnajua ubishi wake, na mnajua alivyokuwa akila mikate ya maboga ya kukaanga kabla haijapoa, akalalamika imemuunguza, akachukua mwingine.

Kuhusu kamera lazima niseme wazi, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta hapa. Tangu vijana wetu walipoanza kuvaa zile kamera ndogo kwenye helmeti, kijiji kimekuwa na desturi kwamba mkesha wa Mtakatifu Yohane, tarehe 23 Juni, watu wote wanakusanyika kwenye jumba la wazima moto kutazama filamu ya kwanza ya msimu, yaani ya yule aliyetangulia wenzake kushuka El Fraile kabla lifti hazijafunguliwa, na aliyetangulia huvishwa manta nyeupe, lile vazi la sufu la kujitanda mabegani, na kukatiwa nyama kabla ya meya. Filamu ina masharti, mshukaji ataje tarehe kwa sauti yake mwenyewe akiwa juu, isikatwe popote, na ifike mpaka kwenye kijito cha maji moto kilicho chini ya mlima. Aliro aliivaa manta hiyo mara tisa. Kila mwaka majani yakianza kudondoka mwezi Mei mimi nilianza kukosa usingizi, nikitazama mlima kila asubuhi kama mtu anayetazama uvimbe kwenye mwili wake, nikiomba theluji ichelewe, na ikija, ije nyingi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Novemba 2006, katika kanisa hili, na Yasna Riffo, binti wa mwoka mikate, mwanamke mwenye subira kuliko sisi wote, na wakajaliwa mtoto mmoja, Millaray, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2008, ambaye amekaa hapa mbele na koti la baba yake na hajanitazama tangu nianze kusoma. Baba yake alimsimamisha juu ya ubao akiwa na miaka mitatu. Sikuzungumza naye wiki mbili kwa ajili hiyo, nikaacha mwenyewe kununa kwa sababu ilikuwa sikukuu na yeye ndiye aliyekuwa anachoma nyama.

Sasa nafika kwenye kifo chake. Alhamisi tarehe 5 Juni mwaka huu wa 2025 marehemu alipanda kwa miguu mpaka kwenye mdomo wa korongo la El Embudo, akalirekodi kutoka juu kwa kamera yake ya helmeti, akarudi, na alasiri akaja kwangu kunywa mate, ile chai yetu ya majani machungu, na kunionyesha kwenye simu. Ninyi wenye kamera hizo mnafahamu jinsi kioo chake kinavyopanua kila kitu, mteremko unalala, mawe yanapungua, pembamba panakuwa panene. Kosa lake ndilo hilo, na ni kosa la watu wetu wa kamera peke yao, kwamba yeye aliyewafundisha wengine kuchoma fimbo, safari hii aliipima theluji kwa kutazama filamu. Nami nina langu. Miaka ishirini na tisa nilimwogopea ndugu yangu, lakini aliponionyesha korongo lile likiwa limejaa weupe kama unga kwenye beseni, sikuogopa, nikamwambia panaonekana pazuri. Siku moja tu ya kuogopa kwa haki, nami sikuogopa.

Ijumaa tarehe 6 Juni, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na rafiki yake tangu darasa la kwanza, Waldo Sepúlveda, aliyemngoja chini na redio ya upepo, marehemu alisimama juu ya korongo na kuwasha kamera. Kamera haikuharibika. Nimeitazama peke yangu, kwa kuwa Yasna hakuweza, na Waldo ameniomba kwa machozi nisifiche neno. Kwanza zinasikika pumzi zake tu, muda mrefu, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Leo Ijumaa, tarehe sita Juni. Theluji ni nyembamba. Jamani, naogopa."

Halafu redioni Waldo, ambaye hakuyasikia hayo, anamwambia, "Kaka, unashuka, au nikapashe supu kwanza?"

Aliro anacheka, kile kicheko chake cha puani, na anashuka. Kona ya kwanza ni nzuri, ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, ya tatu ubao unagonga jiwe lililofunikwa na theluji isiyozidi kiganja, na baada ya hapo filamu ni mawingu matupu, na sauti ya Waldo akipanda huku akimwita. Alishushwa na kikosi chake mwenyewe, akafikishwa hospitali mjini Chillán saa saba mchana, akapasuliwa kichwa jioni, hakuzinduka, na akafariki Jumapili tarehe 8 Juni saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na miezi kumi.

Hapo historia ya marehemu ilipaswa kwisha, lakini niliahidi kuieleza hofu yangu. Vijana wa ubao wana desturi yao nyingine, ambayo sisi wazazi hujifanya hatuijui, kwamba mshukaji akifia njiani filamu yake haiachwi imekatika, kabla ya kwisha siku inayofuata maziko mtu wa karibu yake huvaa kamera ile ile, huanzia pale alipoanguka, na kumfikisha kijitoni. Yasna alikuta ubao wa binti yake umeshapakwa nta. Jumapili jioni Millaray akaniambia mbele ya mama yake, bila kupandisha sauti, "Shangazi, siwezi kumwacha baba pale katikati. Jumatano nashuka."

Nilimwambia mvua imenyesha juu ya theluji ile na sasa ni barafu juu ya mawe, akasema anajua. Nilimwambia baba yake mwenyewe aliogopa, akasema hata yeye anaogopa. Nilipiga magoti, mimi mwenye miaka hamsini, nikamshika viatu, akaniinua kwa upole na kwenda kumsaidia bibi jirani kupanga vikombe. Nimekaa katika familia hii nikiogopa vitu vingi, lakini hofu ya usiku ule sikuwahi kuijua, kwa sababu niliona shingo yake ilivyonyooka, nikajua neno halitamzuia, kama ambavyo halikuwahi kumzuia baba yake.

Basi jana Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Waldo nikamwambia anipeleke pale alipoanguka Aliro, na kamera niliibeba mimi. Akanitazama akadhani majonzi yamenizidi. Akasema, "Dada Ester, wewe hata ngazi za kanisani unashuka umeshika ukuta."

Nikamjibu, "Basi njoo uwe ukuta."

Alinifunga kamba kiunoni na yeye akajifunga upande wa pili. Tuliwasha kamera pale penye jiwe, ambalo sitalielezea, nikataja tarehe, na nikashuka El Embudo kwa miguu na zaidi kwa makalio, nikichoma fimbo kila hatua, na kila hatua fimbo iliingia kiganja kimoja ikagonga mwamba. Nililia njia nzima. Mara mbili niliteleza na Waldo akanizuia kwa kamba, mara ya pili nikajikojolea, nalisema hili mbele ya jeneza ili mtu asidhani nilipata ujasiri wowote, sikupata. Filamu ina urefu wa saa moja na dakika kumi na tisa, haijakatwa popote, inasikika nikisali na inasikika nikitukana, na kwa hayo ya pili nitaungama. Inaishia mabuti yangu yakiwa ndani ya kijito cha maji moto.

Millaray, hukujua haya mpaka dakika hii. Desturi inataka mtu wa karibu, kamera ile ile, kuanzia alipoanguka mpaka kijitoni, haisemi popote kwamba lazima iwe juu ya ubao, wala kwamba lazima mtu ashuke vizuri. Leo asubuhi washukaji wote isipokuwa wewe wameitazama kwenye jumba la wazima moto na wamesema imetimia. Waldo amesimama pale mlangoni, na kama nimeongeza chumvi, aseme sasa. Filamu ya baba yako imekwisha, hakuna kipande kilichobaki cha mtu yeyote kwenda kukifuata, na kesho nakuhitaji nyumbani kwangu, kwa kuwa tangu jana magoti yangu hayakunjiki na sina wa kunichotea maji.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye siku mbili, kikosi cha uokoaji kilichombeba ndugu yao bila kumtikisa, wazima moto waliotupa jumba na kuni, majirani waliopika na kuosha vyombo bila kuuliza vikae wapi, na Waldo Sepúlveda, ambaye familia hii haimlaumu, na ninamwomba naye aache kujilaumu, ingawa ninajua hataacha, kama nisivyoacha mimi.

Aliro, mdogo wangu, uliogopa ukiwa peke yako kule juu na hakuna aliyekusikia. Mimi nimekusikia, nimekuja, na tumeshuka wote mpaka chini. Pumzika.