Mama Sifuri na Kigae cha Kona

Mwalimu wetu wa darasa la wanaoanza kompyuta anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika thelathini na miwili. Akawafuata mezani kwao, akawaeleza taratibu kwamba siku aliyoingia alikuwa hajatimiza mwaka wowote, kwa hiyo hesabu inaanzia sifuri. Wakafuta. Tunaomjua hatukushangaa. Chuo kizima kinamwita Mama Sifuri, na jina hilo hakulipata bure.

Alianza kwa kufundisha kupiga chapa, enzi za mashine zilizolia kama mvua juu ya bati. Kompyuta zilipoletwa, nne, moja mbovu, alikabidhiwa yeye kwa sababu wenzake waliogopa kuziharibu. Alikuwa akiwatangulia wanafunzi wake kwa sura moja tu ya kitabu, na hakuwaficha.

Kilichompa jina ni kosa moja ambalo kila anayeanza kuandika programu hulifanya. Skrini ni sakafu ya nukta ndogo sana, pikseli, na kila moja ina namba mbili: ya kwenda kulia na ya kushuka chini. Kuhesabu kunaanzia kona ya juu kushoto, na kona hiyo ni sifuri, sifuri. Sisi tumezoea moja tangu chekechea. Basi skrini ikiwa na upana wa pikseli mia nane, tunaitafuta yenye namba mia nane, na haipo. Ya mwisho ni mia saba tisini na tisa. Ukichora mstari kwenye mia nane, kompyuta haigombi wala hainuni. Inauchora nje, mahali ambapo hakuna wa kuuona.

Mwalimu wa useremala, ambaye darasa lake lilipakana na letu, hakulikubali jambo hili.

"Mama, mimi nikinunua mbao, ya kwanza ni moja. Hiyo ya sifuri bado iko msituni."

"Ukizihesabu, sawa," akamjibu. "Na ukizipima? Futi yako, kabla hujaivuta, inasema ngapi?"

Fundi akaitoa mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Kisha Jumamosi moja akaja na brashi na rangi nyeupe, akaandika namba kwenye vigae vya sakafu ya darasa, sifuri mpaka tisa kwa upana, sifuri mpaka tisa kwa urefu, akianzia kona ya mlangoni. Alisema anafanya hivyo ili kelele ziishe.

Sakafu ile imefundisha watu wengi, nikiwemo mimi ninayeandika haya. Nilirudi chuoni mwanangu akiwa bado ananyonya. Nilikuwa nimeshaanguka mtihani mara moja, na mama mkwe wangu alinipa sharti lake wazi: mtoto atamlea mpaka mtihani wa pili, nikianguka tena nikae nyumbani nilee mwenyewe. Sikumlaumu. Mgongo wake ulikuwa umechoka, na wangu pia.

Zoezi lilikuwa kuchora fremu kuizunguka skrini yote. Yangu ilitoka na pande mbili tu, juu na kushoto, nazo zimeachana na ukingo kidogo. Ya kulia na ya chini hazikuonekana. Nilibadilisha rangi, nikaongeza unene, nikasema mashine ni mbovu. Nikamwomba Mama Sifuri anirekebishie, maana mtihani ulikuwa mlangoni.

"Nikikurekebishia leo, mwanangu, mtihani utaufanya na nani?" akasema. "Vua viatu. Simama sifuri."

Nikasimama kwenye kona.

"Haya, nenda kulia. Simama kigae namba kumi."

Nikaenda nikihesabu, nikapita namba tisa, nikagonga ukuta kwa bega. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Upana ni vigae vingapi?"

"Kumi."

"Na wewe uko wapi?"

"Ukutani."

"Basi na mistari yako miwili iko huko. Namba haikuambii wewe ni wa ngapi. Inakuambia umekwenda mbali kiasi gani kutoka kona."

Nikarudi kwenye mashine nikiwa pekupeku. Nikaanza na sifuri, nikaishia pungufu ya upana kwa moja, na pungufu ya kimo kwa moja. Fremu ikafunga.

Siku ya mtihani mama mkwe alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni, kuona ni kitu gani kilichomfanya alee. Akaikodolea macho skrini yangu.

"Mistari minne tu? Ndiyo imetunyima usingizi hivi?"

Mama Sifuri alikuwa amesimama nyuma yetu. "Minne yote inaonekana, mama," akamwambia. "Zunguka uone za wenzake."

Akazunguka meza zote, hakuna aliyemharakisha. Aliporudi alimweka mtoto vizuri mgongoni, akaukaza mkanda wa kanga, na njiani akaniuliza muhula unaofuata unaanza lini.

Nilifaulu. Ndivyo nilivyobaki chuoni mpaka nikawa mwalimu, na ndiyo maana Jumatatu nitapokea darasa lake. Fundi ameshapitia rangi ya namba zilizofifia, bila kuombwa, na bado anasema mbao ya kwanza ni moja.

Mwalimu, asante kwa kutotufanyia kazi zetu. Asante kwa kona ile. Wengine watasema umefika mwisho, lakini wewe ulitufundisha kusoma namba vizuri. Siku yako ya kwanza nyumbani ni sifuri, na mbele yako iko sakafu nzima. Itembee polepole, kwa afya na amani, na ukuta uwe mbali.