Raija Tolvanen, Mkufunzi Aliyewauliza Wanafunzi

Wapendwa mliofika kanisani kumsindikiza Raija, familia imenituma mimi Paavo, mdogo wake wa pekee, niwasomee alivyoishi, na kwa kuwa mwenyewe alinisihi nisimpake sukari, nitasoma ilivyokuwa.

Marehemu Raija Annikki Tolvanen alizaliwa tarehe 14 Februari 1958 huko Rautavaara, mtoto wa tatu kati ya wanne wa mkata magogo Toivo Kokkonen na mkewe Lempi, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1965, sekondari akaimalizia Nurmes, kisha mwaka 1977 akaenda Kuopio kusomea uuguzi, akahitimu tarehe 30 Mei 1980. Alifanya kazi miaka kumi na minne katika wodi ya magonjwa ya ndani, na tarehe 1 Agosti 1994 akawa mkufunzi katika chuo ambacho alituomba tusikitaje.

Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na Esko Tolvanen, fundi wa mabasi, ndani ya kanisa hilihili, wakajaliwa watoto wawili, Hanne, aliyezaliwa 1986, na Juho, aliyezaliwa 1989.

Mwaka 2009 chuo kiliamua kwamba wanafunzi walioko wodini wasome na kupimwa kwa simu ya mkononi, wataalamu wa kompyuta wakaja na mpango uliokwisha kamilika, Raija akauliza ni mwanafunzi yupi aliyeshauriwa, na kwa kuwa hakutajiwa hata mmoja, aliwakusanya wanafunzi tisa kila Jumatano kwenye jiko la chuo, akawaokea mikate ya mdalasini, akawaambia waupangue mpango ule na kuupanga upya. Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Minttu Karppinen, binti wa mwaka wa kwanza, aliyesema, "Raija, nikitoa simu mbele ya mgonjwa anadhani nachati na mchumba, na muuguzi wa zamu ananikata jicho mpaka nasahau nilichokuwa natafuta," wakacheka, kisha wakafanya kazi miaka miwili. Ni wao walioamua kwamba mgonjwa aonyeshwe kwanza kilichoko kwenye simu, mwanafunzi ajipime kabla ya kupimwa, kazi yote ihifadhiwe ndani ya simu kwa sababu wodi ya chini ya ardhi haikuwa na mtandao, na ukurasa wa mwisho uwe wa mgonjwa, ambako mzee mmoja aliandika, "Huyu binti Minttu ananigeuza kama gunia la viazi, ila anaomba radhi," na Minttu akajifunza kugeuza watu.

Mwaka 2012 uongozi mpya uliona kurasa zimezidi, ukaufuta ukurasa wa mgonjwa, ukaondoa na ule uhifadhi wa ndani ya simu, tarehe 6 Septemba ukaandaa uzinduzi wenye keki na hotuba, picha ya wale tisa ikatundikwa ukutani, wao wenyewe hawakualikwa. Majira ya kuchipua yaliyofuata Minttu alimaliza wiki kumi katika wodi ile ya chini, akiandika kazi yake kila siku kwenye simu, na simu hiyo ikatoa taarifa kwamba hakufanya lolote, akafelishwa. Raija alikwenda kwa mkuu wake, akaambiwa, "Wanafunzi huja na kuondoka, Raija, mfumo ndio unaobaki," naye akajibu, "Basi siku ukiugua, ukuuguze huo mfumo," na kabla ya mwezi kwisha alihamishiwa ofisi ya kupanga ratiba, akakaa humo mpaka alipostaafu tarehe 28 Februari 2021. Minttu aliacha uuguzi, akaajiriwa kiwanda cha mbao. Kilichomla dada yangu hakikuwa ile ofisi, aliniambia mara nyingi, "Paavo, yule mtoto alikuwa na daftari lake, mimi ndiye niliyemwambia aliache, aiamini simu," akamwandikia kila Krismasi, wala hakujibiwa.

Septemba 2022 alianza kuumwa tumbo, tarehe 11 Oktoba ikabainika ni saratani ya kongosho, akalazwa. Siku moja mwanafunzi aitwaye Oona alimjia na simu mkononi, akamsomea maswali bila kuinua macho, Raija akamuuliza nani aliyeyatunga, naye akajibu, "Sijui, mama, nimeyakuta tu," dada akageukia ukutani, akalia, nami nilikuwepo. Tarehe 9 Januari 2023, saa nne asubuhi, alifariki, Esko akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani walioondoa theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, na wakufunzi wenzake watatu waliothubutu kuja. Chuo kimeleta shada kubwa na kuomba nafasi ya kutoa hotuba, shada tumelipokea, nafasi ya hotuba hakuna, Raija aliifuta kwa kalamu yake mwenyewe alipopanga ratiba ya mazishi haya. Minttu tulimpelekea habari, hakuja, na hatumlaumu.

Lala salama, dada, ulikosea mara moja, na waliokukosea wako kazini mpaka leo.