Fundi Wima na Mabenchi ya Parokia

Baba Paroko, watawa, viongozi wa vigango na jumuiya, ndugu, majirani na nyote mliopanda mlima huu kumsindikiza mzee wetu, familia imemtuma mtoto wa dada yake asome historia hii, na kabla ya kutaja tarehe hata moja familia inakiri kwamba lipo jambo imeshindwa kulielewa hadi leo. Mtu huyu alitengeneza kila benchi la parokia yetu, themanini na manne kwa hesabu yake mwenyewe, lakini kwa miaka hamsini hakuna aliyemwona amekalia hata moja wakati wa misa. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, hata siku za mahubiri marefu, na ndiyo maana watu wakamwita Fundi Wima. Mkewe aliamini kwamba alikuwa anasikiliza benchi lipi linalia, mdogo wake alisema ni maringo ya mafundi, paroko mmoja alidhani ni nadhiri, na yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Kwani anayechonga majeneza huyalalia?" akacheka peke yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Familia imeacha kulitafuta jibu, maana aliyekuwa nalo ameondoka nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa dereva wa lori la magogo na mama yake mkunga aliyejulikana mtaa mzima kwa ukali wake na kwa mikono yake myepesi. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizoea mlio wa msumeno wa kiwandani kabla hajaizoea sauti ya baba yake, kwa sababu baba alikuwa safarini na msumeno ulikuwa haupumziki. Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kumaliza mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa katikati, asiyesifiwa wala kuchapwa sana, kisha akaingia shule ya ufundi mwaka 1964, alikomaliza useremala mwishoni mwa mwaka 1966, na cheti chake bado kipo, kimetundikwa juu ya mlango wa karakana, kimefifia kiasi kwamba linasomeka jina la mwalimu kuliko la mwanafunzi.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye karakana ya samani za ofisi, akitengeneza madawati, makabati na meza za watu ambao hakuwahi kuwaona, mpaka mwaka 1979 alipofungua karakana yake mwenyewe katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kati ya fundi viatu na mchomeleaji. Hapo ndipo alipofanya kazi hadi mwisho, akiwa na penseli nyuma ya sikio, na mara nyingi akiitafuta hiyo hiyo penseli na kuwalaumu majirani.

Habari za ndoa yake haziwezi kutenganishwa na habari za parokia, kwa hiyo familia inaomba izisome pamoja. Mwaka 1971 hapakuwa na parokia, palikuwa na familia kumi na tisa zilizokutana katika ghala la saruji lililokuwa halitumiki, na kila Jumapili ya pili padre alikuja kwa pikipiki kutoka mbali, akifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope, ndiyo sababu hata uzeeni aliitwa Padre Pikipiki. Waumini walikaa juu ya makreti na mifuko iliyokunjwa. Kiongozi wa sauti ya pili, msichana ambaye baadaye mtaa wote ulimwita Mama Kwaya, alimrudishia fundi stendi ya kuwekea vitabu vya nyimbo aliyokuwa amewatengenezea, akamwambia, "Fundi, hii stendi yako inayumba kama mlevi." Fundi akaiweka mezani, akaizungusha, akasema, "Dada, stendi ni nzima, labda sakafu yenu ndiyo iliyolewa." Akaenda Jumapili iliyofuata kuiona sakafu, akakuta kweli imeinama, akapachika kabari, na badala ya kuondoka akabaki kusikiliza nyimbo mpaka mwisho. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1972, wakafunga ndoa tarehe 2 Septemba mwaka huo huo, mbele ya mama mkwe ambaye hakuridhika mpaka bwana harusi alipomtengenezea kigoda, naye akakikalia mara tatu kwa kishindo kukijaribu.

Mwaka 1973, kwa mbao za makreti yale yale, alitengeneza mabenchi sita ya kwanza, na kanisa dogo lilipomalizika mwaka 1975 yakafika kumi na mawili. Hapa familia inalazimika kusimulia kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisimulia kila harusi. Kibao cha kupigia magoti alikifunga nyuma ya kila benchi, ili anayekaa nyuma akitumie, kama inavyotakiwa, lakini hakufikiri kwamba walio mbele kabisa hawana benchi mbele yao. Basi waliokaa mstari wa kwanza walipiga magoti kwenye saruji tupu, na baada ya wiki chache mstari huo ukahamwa. Padre Pikipiki, aliyeona tu mabenchi matupu, alidhani watu wake wamezidi unyenyekevu, akahubiri Jumapili tatu mfululizo kwamba Mungu hamli mtu, sogeeni mbele, mpaka bibi mmoja akamwambia mlangoni, "Padre, si unyenyekevu, ni magoti." Fundi alitengeneza kibao cha mbele siku iliyofuata. Kile cha nyuma kabisa, kisicho na benchi lolote nyuma yake, hakukitoa, kwa sababu alikuwa ameshagundua kwamba wachelewaji wamekifanya chao, na tangu hapo kila kanisa lilipopanuliwa aliliwekea kibao cha wachelewaji.

Kigango kilitangazwa kuwa parokia tarehe 29 Juni 1984, kikiwa na familia mia mbili na kumi, na paroko wa kwanza kuishi hapa alilala wiki tano kwenye chumba cha maranda nyumbani kwa fundi wakati nyumba ya mapadre ikiezekwa. Mabenchi yalikuwa ishirini na manne. Mwaka 1991 kanisa liliongezwa mabawa mawili, yakawa arobaini na manane, ikaanzishwa shule ya chekechea na baadaye zahanati, na kanisa kubwa la sasa lilipobarikiwa mwaka 2003 yakatimia themanini na manne, kila moja likiwa na maungio yasiyotumia msumari. Leo parokia ina jumuiya thelathini na nne na vigango vitano, na marehemu alikuwa na namna yake ya kuieleza hesabu hiyo, akisema zamani alimjua kila aliyekalia benchi lake, siku hizi anamjua kwa mgongo tu.

Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza muuguzi, wa pili binti aliyerithi karakana na randa ya baba yake, wa tatu mwalimu, na kitinda mimba ambaye ni dereva kama babu yake, pamoja na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 2019 wazee wa huku juu walioshindwa kuteremka mlima waliomba kigango, wakapewa uwanja huu na turubai, na Mama Kwaya, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka, akahamia huku, akawa anaongoza sauti ya pili akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Mumewe alimletea kigoda, akakikataa, akasema, "Baba Muuguzi, nikae kwenye kigoda na jirani yangu yuko kwenye tofali? Kirudishe." Fundi alikibeba kigoda akakirudisha nyumbani, na kuanzia siku hiyo alikuwa na jambo moja tu moyoni.

Januari 2022 msamaria mmoja aliipa parokia viti vipya vya chuma vyenye mito, na marehemu akaomba mabenchi arobaini yaletwe hapa. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, mwalimu mkuu mstaafu na rafiki yake wa miaka mingi, alikataa, na familia inataka ijulikane kwamba hakukataa kwa ubaya, kwani aliyaona mabenchi hayo kuwa ndiyo historia ya parokia na alitaka yahifadhiwe ndani. Walibishana katika vikao vitatu. "Mzee Wima, wewe ni fundi, unajua mvua inavyofanya mbao," alisema Mwenyekiti. "Najua. Miguuni nitayapaka oili chafu, juu vanishi, mvua ichague pa kuanzia." "Na yakioza?" "Yataoza yakiwa na watu, Mwalimu." Kila kikao kilifungwa kwa sala, bila uamuzi, na wawili hao wakaondoka pamoja wakiwa wameshikana mikono, wakiendelea kubishana.

Kifua kilianza kumsumbua Agosti 2022, na madaktari wakaeleza kwamba mapafu yalikuwa yamekusanya vumbi la mbao kwa miaka mingi. Alilazwa mara tatu, na katika mapumziko ya mwisho nyumbani, Oktoba mwaka huu, alimtuma binti yake fundi aje apime uwanja huu kwa kamba, akapanga kwenye karatasi mistari kumi ya mabenchi manne manne, ingawa hapakuwa na ruhusa ya hata benchi moja. Alifariki hospitalini tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mkewe akimwimbia kwa sauti ya chini.

Familia inawashukuru daktari wa kifua na wauguzi wa wodi ya wanaume kwa uvumilivu wao kwa mgonjwa aliyekagua miguu ya kila kitanda, fundi viatu na mchomeleaji waliofunga kazi zao wiki nzima, jumuiya kwa sala, na mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili bila kumruhusu binti yake aguse mbao.

Mwisho, familia inatangaza uamuzi wa Halmashauri, iliyokutana chini ya Baba Paroko tarehe 13 Novemba. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeleta hoja, akaitetea, akawa wa kwanza kuinua mkono: mabenchi arobaini ni mali ya kigango hiki, yatumike hapa, na yasirudishwe. Jana, tangu saa moja asubuhi, kitinda mimba aliendesha lori safari sita, binti fundi akapanga kwa karatasi ya baba yake, na benchi la kwanza lilishushwa na Mwenyekiti, aliyeambiwa na binti huyo, "Baba mdogo, shika chini ya kikalio, usishike mgongoni, litaachia," akashika alipoambiwa, akatembea nalo kinyumenyume mpaka mstari wa mbele, na Mama Kwaya akakaa.

Ndiyo haya mliyoyakalia. Fundi wetu, Bwana akupe pumziko na amani yake.