Vidonge Nilivyomgawia Mdogo Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nitatubu kwanza, ndipo nishukuru.

Mimi nilikuwaga nauza dagaa sokoni Mwigobero, kando ya ziwa. Nilipopasuliwa titi kwa saratani, daktari alinipa vidonge vya kumeza kila siku, miaka mingi. Akanieleza kwa upole: "Mama, seli za uvimbe wako zina vipokezi, kama viti vidogo. Homoni ya kike ikija inakaa pale, vinashikana, vinaziamsha jeni: kueni! Kidonge hiki kinawahi kiti. Homoni ikifika inakuta pamekaliwa, jeni zinabaki zimelala."

Nilipenda maneno hayo. Asubuhi nikawa nameza kidonge changu huku natazama ukungu juu ya maji, nasikia mwili umetulia kama nyumba ambayo watoto wamelala.

Ndipo mdogo wangu Nyangeta, aliyeolewa Guta, akanionyesha uvimbe kwenye titi lake. Hospitali hataki, anaogopa kisu. "Dada, si ugonjwa ni huohuo? Nigawie na mimi." Undugu ni kufaana, nikampa nusu ya vyangu. Tukaifanya siri yetu wawili, nami nikajiona mwema. Aibu yangu!

Miezi ikapita. Siku moja nikaota tumerudi kwetu Butiama, ukungu umejaa uani. Kwangu kuna kigoda, nimekikalia. Kwa Nyangeta hakuna kigoda kabisa, na magugu yanaota mpaka mlangoni, kimya kimya. Nikaamka nalia. Asubuhi nikamfuata Guta. Uvimbe ulikuwa umekua!

Ndugu zangu, nilimshika mkono tukaenda hospitali, nikamwambia daktari yote. Hakunigombeza. Nyama ya uvimbe ikapimwa, ikaonekana haina vipokezi. Ule wake ulikuwa unakua wenyewe bila kungoja homoni, na vidonge vyangu havikuwa na mahali pa kukaa. Nilikuwa nampunja mdogo wangu muda, na mimi najipunja dawa. Lakini Mungu alituwahi! Nyangeta akaanzishiwa dripu za saratani, zikamnyonyoa nywele zote, akapasuliwa, na mimi nikarudia dozi yangu kamili.

Wewe unayeficha uvimbe nyumbani, mtumaini Bwana, kisha inuka ukapimwe. Na wewe mwenye ndugu mgonjwa, usimgawie dawa yako. Mshike mkono mwende wote.

Nyangeta, simama, mdogo wangu. Vua kilemba, wakuone nywele zinavyoota.