Nusu ya Neno

Sogeeni, wanangu, na wewe Chapuchapu acha kusimama mlangoni kama mdai, kaa hapa kitandani karibu na dada yako, maana leo nasema mimi, na bekari niliyoifungua pamoja na marehemu baba yenu lazima ijue inakwenda mikononi mwa nani.

Baba yenu aliishi na mkono mmoja, hilo mnalijua, lakini jinsi ule mwingine ulivyokwenda mmesikia kwa majirani, na jirani akisimulia huongeza chumvi. Kazi ya siku ilikuwa imekwisha, naye kaingiza mkono hadi begani ndani ya mashine ya kukandia, anakwangua unga uliokauka chini ya chuma, na chekeche la umeme linanguruma pembeni likichekecha unga wa kesho. Mjomba wenu, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa kwenye swichi upande wa pili wa ukuta. Akauliza, "Niiwashe?" Baba yenu akajibu, "Usiiwashe!" Ule mngurumo ukameza kichwa cha neno, mjomba wenu akafikiwa na mkia tu: "Iwashe!" Akawasha.

Watu hawakukosa la kusema. Ati aliitamani bekari. Baba yenu aliwajibu akiwa bado amefungwa bandeji, kwamba shemeji alimsikia, ila alisikia nusu, na nusu ya neno ni mbaya kuliko uongo. Lakini mjomba wenu alijihukumu mwenyewe, na mpaka leo akija kutujulia hali huishia nje, na jambo hilo limeniuma kuliko maradhi haya.

Mimi nikanunua kufuli. Tangu hapo swichi hufungwa, na ufunguo hukaa mfukoni mwa aliyetia mkono, awe mwenye bekari, awe kibarua wa jana. Hatuulizani kwa kupiga kelele, na anayewasha ni yule yule aliyefunga, mikono yake yote miwili ikiwa nje. Wachuuzi wakanicheka, wakaniita Mama Kufuli, nami nikaitika. Kila aliyefanya kazi kwangu baada ya hapo ameondoka na vidole alivyokuja navyo. Huo ndio utajiri wangu, kuta zile ni matofali tu.

Sasa wewe, kitinda mimba wangu, nimesikia unaifuta mashine huku inazunguka, ati inajisafisha yenyewe. Haraka haraka haina baraka, nadhani msemo huo ulikuwa unakungoja uzaliwe! Dada yako ameniomba nikunyime bekari kwa hilo. Sikunyimi. Ni yenu wawili sawasawa. Yeye ashike mauzo, wewe ushike usafi wa mashine, na ufunguo ni huu, uvue shingoni mwangu mwenyewe. Mwenye haraka ndiye anayetia mkono, basi yeye ndiye aubebe. Nawe binti yangu, ndugu yako akiwa ndani, subiri, hata wateja wakijaa hadi barabarani. Unga ukiharibika hukandwa mwingine. Mkono je?

Nipeni maji... Ahsante.

Yule anayekohoa nje ya dirisha ni mjomba wenu, namjua kwa kikohozi chake. Mwiteni aingie. Mpeni kiti changu, na siku ya kunizika yeye ndiye atangulie mbele ya jeneza, watu wote waone.

La mwisho. Najua kuna mnunuzi amekuja kupima kuta zangu nami bado napumua. Kuna neno nilitaka kuwaambia, linaanza na "msi", lakini pumzi yangu... inakatika mwanzoni mwa maneno, na atakayesikia mkia tu, "iuze", ataapa kwamba mama ndiye aliyesema. Kwa hiyo nalisema kwa namna isiyokatika. Bekari ibaki.

Mungu awape mikono mizima... na masikio ya kungoja neno liishe. Sogeeni zaidi. Nitazameni mdomo. Kaka, umekaa? Vizuri... Ibaki, wanangu... ibaki...

...baki.