Mama Pindo na Orodha ya Mablanketi

"Mnampa mtu blanketi, kumbe mmemvua nguo."

Hivyo ndivyo marehemu dada yetu, Mama Pindo, alivyowaambia wazee wa kanisa kwenye kikao cha kamati ya huduma, na wala hakukaa chini baada ya kusema. Kila Julai, baridi inapoingia, kanisa letu hugawa mablanketi kwa wenye shida. Utaratibu ulikuwa majina yasomwe mimbarini, mtu apite mbele, apokee, apigiwe makofi. Wazee walimjibu kwamba orodha isiposomwa, waliochanga watadhani mablanketi yameishia vitandani mwa wanakamati. Naye akawaambia kama ni hivyo, basi wasomwe wanakamati. Ugomvi huo ulikwenda miaka kumi na mmoja bila mshindi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama alikuwa wa kuugua ugua, kwa hiyo sisi wadogo zake tulilelewa mgongoni kwake.

Alianza shule mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu alizijua kuliko mwalimu, na alimwambia. Hakuendelea, kwa sababu karo ilikuwa ya mtu mmoja na aliyemfuata alikuwa mvulana. Hilo hakulilia mbele za watu.

Mwaka 1973 alijifunza kushona, na mwaka 1978 akaweka cherehani yake mwenyewe kwenye kibaraza cha duka la vyombo. Hapo alikaa miaka arobaini na minne. Kila Januari alishona sare ambazo kanisa liliwapa yatima, akiacha pindo la vidole vinne ili literemshwe mtoto anapokua. Jina la Mama Pindo lilitoka hapo. Mwalimu mkuu alikuja kulalamika kwamba wanafunzi wake wamevikwa magunia. Dada akamwambia arudi baada ya miaka miwili. Alirudi kweli, kushonesha sare za wanawe.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na fundi baiskeli, mtu mkimya, aliyesema kwamba alioa ili nyumbani apatikane wa kuongea. Walijaliwa watoto wanne. Mmoja alitangulia akiwa na miaka mitatu. Mume naye alifariki tarehe 20 Septemba 2019, na tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kimya pande zote mbili.

Ugonjwa wa kisukari uligunduliwa mwaka 2016. Kufika 2022 macho yalififia, uzi ukakataa kuingia sindanoni, akauza cherehani. Hakumwambia mtu kwamba analala kwa baridi. Mdogo wake aliona mwenyewe. Huyo ndiye aliyekuwa karani wa kamati, na Julai 2023 aliandika jina la dada yake kwenye orodha, akidhani mapenzi yanatosha. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameonywa, na bado hakufikiri kwamba orodha husomwa. Mdogo wake huyo ndiye anayewasomea wasifu huu.

Jina liliposomwa, marehemu aliinuka benchi la tatu, akapapasa njia kwa fimbo, akapokea, akapigiwa makofi. Akatoka kwa mlango wa pembeni. Blanketi tulilikuta mabegani mwa mlinzi wa geti.

Hakukanyaga kanisa tena. Kwa mwaka mzima hakumpa mdogo wake neno. Chakula alipelekewa, bakuli lilirudi limeoshwa, bila salamu. Alituma ujumbe mmoja tu kupitia binti yake: "Mwambie ana deni langu. Na si blanketi."

Mei 2024 mdogo wake alisimama kikaoni, akayarudia maneno ya dada yake, neno kwa neno. Safari hii hakuna aliyebisha. Wote walikuwa wamemwona akipapasa njia. Orodha ikafutwa. Mablanketi sasa hupelekwa nyumbani kwa mtu, kwenye mifuko isiyo na maandishi, na wanaopeleka hawasimulii.

Mfuko wa kwanza ulifika kwake tarehe 3 Julai, mkononi mwa mdogo wake. Figo zilikuwa zimechoka na hospitali walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani. Alipitisha vidole kwenye ukingo wa blanketi.

"Nani kakunja pindo hili? Limepinda kama njia ya mlevi."

"Ni mimi, dada."

"Nilijua. Haya, kaa hapa. Yameisha."

Alilala chini ya blanketi hilo siku tisa. Alifariki Ijumaa, tarehe 12 Julai 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake watano, na watoto wengi wa watu ambao mapindo yao bado hayajateremshwa.

Kwa kawaida hapa ndipo husomwa majina ya waliochangia mazishi. Leo hayatasomwa. Ndivyo alivyoagiza, na sehemu ya deni iliyobaki ni hiyo. Mliochanga mnajijua, asanteni.

Pumzika kwa amani, dada. Unakokwenda wanakujua bila kusomewa.