Pini Mdomoni

Sikieni, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu acha kujifanya unafunga dirisha, maana maneno haya ni yako kuliko ya mwingine yeyote humu chumbani. Nimesikia umemkataza mkeo dawa zake za virusi kwa kuwa ana mimba, eti asije akakuzalia bubu kama alivyokuwa mdogo wako Kasuku.

Ni kweli, Kasuku nilimbeba nikimeza dawa hizo hizo, na alichelewa kusema hadi shangazi yenu akatangaza mtaa mzima kwamba vidonge vimemla ulimi. Nikampeleka kliniki. Muuguzi akampima damu, hana virusi, akampa vibao avipange, akavipanga, kisha akanigeukia mimi, fundi cherehani niliyetoka kazini mbio, akaniuliza, "Mama, na pini zote hizo mdomoni, mtoto huyu unamsemesha saa ngapi?" Kumbe nilikuwa nimeingia nazo, nimezibana kwa midomo kama niko mezani kwangu. Nikazitema, tukacheka mpaka foleni ikanung'unika.

Kama ni dawa, kama ni pini, hata muuguzi hakuapa. Alisema wapo wanaochelewa kidogo, na wapo wanaochelewa ilhali mama zao hawajameza kidonge chochote, basi nisiache dawa, nimlete apimwe anavyokua, na nimsemeshe kutwa. Pini nikazihamishia begani, nikawa namsimulia kila mshono. Kawia ufike, wanangu. Leo Kasuku anauza nguo sokoni, na wateja wananunua ili apate kunyamaza.

Cherehani ni yake. Nyumba ni yenu nyote, asiiuze mtu. Shangazi yenu nimemsamehe, ila msimwambie kabla sijazikwa, atakuja kunihutubia.

Lakini wewe, mwanangu, umenitia hofu. Kifo sikiogopi, namwogopea mjukuu wangu asizaliwe na virusi kwa sababu baba yake aliogopa ulimi mzito. Mtoto akikawia kusema tutamngoja, tena kwa raha zetu. Nenda kamletee mkeo maji, kidonge cha leo akimeze hapa hapa.

Mkwe wangu, sogea. Mungu akujalie uzazi mwepesi, akupe maziwa na usingizi, na mtoto huyo, awahi au akawie, msemesheni tu, mwimbieni, msi... msimfananishe na wa jirani. Ngojeni, pumzi. Niinulieni kichwa kidogo. Umemeza, mama? Fungua mdomo nione.

Haya. Sasa nilazeni.